Mimba ya Mwaloni

Mwalo wetu, pale ziwani vyombo vinaposhushia dagaa, una amri moja ambayo haijaandikwa popote: mwanamke aliye mwezini hasogelei kipe. Kipe ndicho chombo chetu cha kuvulia dagaa, na wavuvi wanaamini kwamba damu ya mwanamke inafukuza samaki. Kwa hiyo siku zako zikifika unabaki juu, kwenye chanja za kuanikia, na mwenzako anashuka majini kukununulia. Hakuna anayekuuliza. Lakini hebu fikiria maana yake: mwalo mzima, wanawake kwa wanaume, wanajua siku zako kuliko mumeo. Na zangu zilijulikana kuliko za wote, kwa sababu mimi sikuwa nabaki juu tu. Mimi nilikuwa nalala chini ya chanja nimejikunja, natapika.

Walisema ni chango. Kila mwanamke anaumwa tumbo, ukizaa litaacha. Nimekunywa mizizi ya kila mwenye mizizi, kuanzia Ujiji hadi Ilagala, na wote walinipa kwa uhakika ule ule. Nilikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto siku nilipoanguka pale mchangani nikapelekwa hospitali. Huko nikakutana na daktari mmoja, mama asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenieleza. Ule utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, unaotoka na damu kila mwezi, kwangu ulikuwa umeota na mahali pasipo pake, kwenye ovari. Ukawa unavuja huko nako, ila damu haina pa kutokea. Ikajikusanya mpaka ikawa uvimbe. Waliponipasua waliukuta umejaa damu nzito, nyeusi, rangi ya mawese yaliyoungua. Ovari ya kushoto haikuokoka. Waliniachia ya kulia.

"Kwa hiyo moja iliyobaki bado unaweza kupata mtoto," daktari aliniambia. "Lakini nisikudanganye. Huu ugonjwa una tabia ya kurudi."

Alinichoma sindano za kusimamisha siku zangu, ili ndani kutulie. Mwaka ule sikukanyaga mwaloni, maana nilikatazwa kubeba mizigo. Nilikaa sokoni Rusimbi kwenye kigoda, nikauza dagaa waliokwisha kukauka, nikanenepa, nikasahau kutapika kukoje. Ulikuwa mwaka mzuri, sitaki kuusema vibaya. Mwisho wake daktari akasema sasa tuache sindano, wewe na mumeo mtafute mtoto. Siku zinaweza kuchelewa kurudi, usihangaike. Maumivu yakirudi, njoo mbio.

Nikarudi mwaloni. Dagaa wetu huvuliwa kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka vipe vinapumzika, na giza la kwanza lilipita nikishuka majini kila asubuhi. La pili nalo hivyo hivyo. Giza la tatu wenzangu wakaanza kutazamana. Huyu aliyekuwa akilala chini ya chanja mbona sasa habaki juu hata siku moja? Na tumbo nalo lilikuwa limeanza kujaa. Kanga niliyokuwa nafunga mara moja na nusu ikawa inafika kwa shida.

"Hongera," shoga yangu akaninong'oneza. Huyu ndiye aliyekuwa akininunulia dagaa miaka yote ya kulala kwangu chini.

"Hongera ya nini? Sina mimba."

Akacheka akanifinya shavu. Hapo ndipo niliponasa. Kwetu mwanamke mwenye mimba changa haikiri kamwe. Anaogopa kijicho, anaogopa midomo ya watu, atakana hadi tumbo lijisemee lenyewe. Basi mimi kila nilipokana, wao wakapata uhakika zaidi. Ningesema ndiyo, pengine wangetia shaka. Nikafoka, maana mimi hasira zangu ziko karibu, wakasema ni mimba hiyo inamfanya mkali. Nikanyamaza, wakasema hata kunyamaza ni mimba. Wavuvi, watu wanaotutukana kutwa, wakaanza kunipisha nichague beseni la kwanza, eti mwenye tumbo ana baraka. Nikikataa, wanamwaga dagaa kwenye beseni langu kwa nguvu.

Nilikuwa nimeshapima. Nilikwenda duka la dawa nikanunua kile kipimo cha mkojo, ukaja mstari mmoja. Nikanunua kingine duka la mbali, mstari mmoja. Nikamwonyesha mume wangu aliporudi kutoka Ilagala, ambako ndiko anakonunua samaki. Ni mtu aliyekaa nje ya chumba changu cha upasuaji siku nzima, anajua habari ya sindano, anajua kila kitu. Akakigeuzageuza kile kipimo kwenye mwanga.

"Vitu vya siku hizi feki," akasema. Halafu akaniwekea kiganja tumboni, taratibu, na macho yake yalikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Nilimwambia atoe mkono. Hakuutoa, nami sikurudia.

Yeye ndiye aliyempigia mama yake simu. Mama mkwe alishuka kutoka Kalinzi na mkungu wa ndizi na maharage mapya, mwanamke mrefu mkavu wa kahawa na jembe. Miaka mitano alikuwa ananiita "mke wa mwanangu", hata nikiwa nimesimama mbele yake. Safari hii nilipompokea mzigo nikasema, "Shikamoo, mama," aliuvuta ule mzigo kwake.

"Marahaba, mwanangu. Acha. Usiinue kitu."

Neno lile lilinichoma. Nilikuwa nimelisubiri sana, na lilikuwa halinihusu. Nikamkalisha nikamwambia kwa adabu zote, mama, sina mimba, nimepima, hili tumbo silielewi.

"Ego," akaitikia kwa Kiha chake, yaani ndiyo, huku anamenya ndizi. "Hata mimi kwa huyo mumeo nilikataa hivyo hivyo."

Alikaa. Akawa anafagia kabla sijaamka, anapika, ananikatazia kuinama. Jioni alikuwa akikaa nami barazani, akinisimulia mambo ya ujana wake ambayo nadhani hata wanawe hawayajui. Nilimpenda, nasema kweli. Nilikuwa nikimtazama najiambia, Mungu, kama inawezekana vipimo viwe feki, basi viwe feki.

Maumivu yalirudi asubuhi, nikiwa nageuza dagaa. Yalianzia ndani ya nyonga ya kulia yakashuka pajani, na mimi sikuhitaji daktari wa kuniambia ni nini. Nayajua kama ninavyojua sauti ya mama yangu. Zamani yalikuja na damu. Sasa yalikuja makavu, bila dalili nyingine yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Nilichuchumaa nikashika mguu wa chanja.

"Mtoto anageuka huyo," mwanamke mmoja akasema, na wengine wakapiga kigelegele. Nimesikia vigelegele vingi maishani, lakini kile nikikikumbuka mwili unasisimka.

Shoga yangu alikuja akachuchumaa karibu nami. "Mimba ya kwanza ndivyo ilivyo, vumilia."

"Si mimba," nikamwambia. "Imerudi."

Akanitazama usoni. Yeye ndiye aliyenipakia kwenye bajaji siku ile nilipoanguka, na aliikumbuka rangi yangu. Tabasamu lake likaondoka.

"Upande gani?"

"Wa kulia."

"Nenda hospitali leo. Usikae nalo. Mficha uchi hazai." Halafu akasikia alichokisema, akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Wala sikumkasirikia. Ni msemo tu, tunausema kila siku.

Mama mkwe hakukubali niende peke yangu. Alivaa kitenge chake kipya, akafunga kilemba, akachukua mkoba. Njiani kwenye bajaji alikuwa amenishika mkono, na kila tuliporuka shimo alimgombeza dereva. Nilimwambia tena, mama, naogopa ugonjwa umerudi. Akasema tutasikia huko huko kwa wenye macho ya mashine.

Daktari alikuwa yule yule. Alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile kifaa upande wa kushoto, akahamia kulia, akasimama hapo. Alibonyeza, akapima, akabonyeza tena. Kwenye skrini kulikuwa na duara kubwa, la kijivu cha giza, limetulia. Lilikuwa halisogei hata kidogo.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Akainama mbele, akanyoosha kidole.

"Ndicho kichwa hicho?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, ya heshima, kama mtu aliyeingia msikitini. Daktari akaniangalia mimi kwanza, halafu yeye.

"Huo ni uvimbe, mama. Mtoto hayupo."

Kile kidole kilibaki hewani. Mimi nikaanza kuuliza maswali yangu, kwa kuwa nikikaa kimya ningelia. Nikauliza ni ule ule? Ule ule. Mkubwa kuliko wa kwanza? Mkubwa, na utumbo umejaa hewa, ndiyo maana tumbo limetoka. Utaniachia hii ovari?

"Nitajaribu kuutoa uvimbe peke yake. Siwezi kukuahidi mpaka nifungue."

"Na ukifungua ukakuta haifai?"

"Nitaitoa."

"Basi mtoto ndiyo basi."

Aliweka kile kifaa chini, akaanza kunifuta mafuta mwenyewe, kazi ambayo angemwachia muuguzi. "Ndiyo," akasema. "Njoo Jumatatu asubuhi. Usile kitu."

Nilipogeuka, mama mkwe hakuwepo. Nilimkuta kwenye korido, ameupa ukuta uso, anaongea na simu kwa Kiha. Kiha changu ni cha kuuzia dagaa, lakini kilitosha. Alikuwa anamwambia mwanawe kwamba hakuna mtoto, wala hakutakuwa na mtoto, arudi haraka wakae waongee. Na mimi aliponitaja alisema "huyo mkeo".

Nilikaa kwenye benchi. Nyonga ilikuwa inawaka, nikajifunga kanga vizuri nimsubiri. Alipomaliza akaja akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Akauweka mkoba mapajani akaushika kwa mikono yote miwili.

"Amesema lini?"

"Jumatatu, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akihesabu kitu.

"Basi mimi napanda Kalinzi Jumapili," akasema. "Kahawa imeiva."