Mzee Karudi na V8

Hadithi yangu niliiandikia juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, bondeni huku Mohoro, nikiamia ndege. Watu wakisikia mwandishi wanafikiria meza na miwani. Mimi nilikuwa na kombeo, simu yenye kioo kilichopasuka, na ndege wasioheshimu kazi ya mtu. Unaandika mwanamke analia, unasimama, "Hoyaaa! Tokeni kwenye mpunga wa watu!", ukikaa tena umeshasahau alikuwa analilia nini.

Lakini mtandao ulikuwa unashika hukohuko juu. Chini, hata ujumbe wa salamu hautoki. Nikimaliza kipande nakitupa kwenye grupu la simulizi, nasubiri shukrani. Shukrani zenyewe: "Mbona fupi, unatupimia kwa kijiko?" "Shusha vitu basi, una roho mbaya." Hakuna aliyewahi kuniuliza nimekula. Nilikuwa na jina la kujipachika, naliweka chini kabisa ya kila kipande, kama mtu anayeacha viatu mlangoni akiamini atavikuta.

Hadithi ilikuwa ya bibi yangu, aliyenilea. Ananiita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake, na nikimuudhi ananipa talaka mbele za watu. Kanisimulia mwenyewe, palepale dunguni. Mwaka wa mafuriko babu aliwavusha bibi na baba yangu, mtoto wa mgongoni, mpaka nchi kavu. Halafu akageuza mtumbwi kufuata mbegu ya mpunga iliyobaki dunguni. Mtumbwi ulikuja kuonekana umenasa kwenye mikoko kule chini, pondo la kuusukumia limo ndani. Babu hayumo. Bibi alikaa eda bila kaburi.

Bibi Kurani anaisoma, ila herufi za simu hazijui. Nilitaka nimalize yote, nimkalishe, nimsomee, aseme, "Mume wangu, hiki umekiandika wewe." Basi. Sikutaka kingine.

Siku moja natoka Kibiti, nakuta wanawake barazani kwetu wanasuka ukili. Jirani yetu, mama mmoja ambaye mwanawe kamnunulia simu kubwa, kaipandisha simu juu ya kinu kilichopinduliwa. Inatoka sauti ya mwanaume, nzito, kama imepakwa asali, na kinanda cha huzuni nyuma yake. "Akashika pondo, akamwambia mkewe, nakwenda mara moja."

Maneno yangu hayo! Niliyaandika huku natupia ngedere mawe.

Bibi ukili kauacha mapajani, anafuta macho na ncha ya kanga.

"Bibi, hii yangu," nikasema.

"Ipi yako?"

"Hadithi. Nimeandika mimi. Huyo kaiba."

Jirani akanitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani. "Wewe? Wewe wa la saba? Huyu kaka anaongea Kiswahili mpaka unasikia njaa."

Nikatoa simu nikamwonyesha. "Mbona hiyo hata mimi ninayo," akasema. "Mwanangu kanitumia toka Dar." Kweli anayo, neno kwa neno. Ila pale chini, penye jina langu, pamekatwa, pamewekwa namba ya kumtumia vocha mwenye sauti.

"Usigombane na watu, mume wangu," bibi akasema. "Mto haukuchukua wa kwangu peke yake. Huyo kijana lazima kwao huku."

Yaani jamaa kaiba hadithi, na juu yake kapewa na kijiji.

Nikamwandikia mwenye sauti kwenye namba yake ile. Akanijibu dole gumba, akaniblock. Nikasema sawa. Kipande cha mwisho nilikuwa bado sijakirusha. Nikakibania.

"Ataishiwa huyo," nikawaambia pale barazani. "Mwisho ninao mimi. Mtanyooka kwangu."

"Haya, mwandishi, mwisho wake nini?"

"Mtumbwi unakutwa mikokoni. Mzee hayumo."

Bibi akainama kwenye ukili wake.

Nilichosahau ni kwamba mwizi hana haya. Haikupita wiki, sauti ya asali ikarudi na mwisho wake mwenyewe. Mzee hakufa. Kaokotwa na meli, kapoteza kumbukumbu, katajirika Unguja, na sasa anarudi kijijini na V8 nyeupe. V8, miaka hiyo! Bonde lenyewe masika hata ng'ombe anakwama, yeye anapita kama yuko Posta, Dar.

Baraza zima likapiga vigelegele. "Mwandishi!" jirani akaniita. "Si ulisema hayumo? Huyo hapo anashuka kwenye gari!"

Nikamtazama bibi. Nilijua yeye atakataa. Hakuna mtu duniani anayejua kama yeye kwamba yule mzee hakurudi. Bibi alikuwa anacheka huku analia, anapiga makofi kama msichana wa harusini.

"Rudisha," akamwambia jirani. "Rudisha hapo anaposhuka."

Wakarudisha. Kesho yake wakarudisha tena. Nikaanza kuukwepa ule upande wa nyumba, napitia jikoni kwenye nyumba yetu wenyewe kama mwizi, na mwizi halisi yuko kwenye kinu anashangiliwa.

Halafu Ijumaa moja, kina mama wote wapo, bibi akaniita. "Mume wangu, lete na ile yako. Soma."

Nikasoma. Sina kinanda, sauti yangu ya kukimbizia ndege. Lakini waliacha kusuka, hata jirani. Nikafika pale mtumbwi unapotokomea. Bibi akaniwekea mkono gotini.

"Na kwenye yako," akauliza taratibu, "anarudi?"

Kwenye kioo maneno yako wazi: mikoko, pondo, mtumbwi mtupu. Hicho kipande ndicho pekee nilichokiandika bila utani hata kidogo. Nikakipita kwa kidole.

"Anarudi, bibi."

Nikaanza kutunga hapohapo. Anarudi kwa miguu, matope mpaka kiunoni, kikapu cha mbegu kichwani, anauliza kama kuna chakula.

Jirani hakungoja nimalize. "Aaah! Sasa mwizi si huyu! Kamwiga kaka wa watu, kabadilisha gari tu!"

Baraza likaangua kicheko. Wewe, wamecheka!

"Yule wa gari mbegu aliisahau," bibi akasema, macho kwenye ukili.

Hakuna aliyemsikia. Jirani alishaiwasha simu, mzee anashuka tena kwenye V8.