Seva Iliyoolewa Homa Bay

Mimi nikikasirika huwa nazungumza Kiswahili sanifu, na shemeji yangu analijua hilo. Siku nyingine zote tunachanganya Dholuo, Kiswahili na chochote kinachokuja mdomoni. Lakini nikimpigia simu nikaanza na "Hebu nieleze, bwana," anajua maji yamezidi unga.

Shemeji huyu ni mdogo wa mume wangu. Tunafanya kazi moja, yeye Homa Bay, mimi Migori. Tuna seva tatu: moja kwangu, moja Ndhiwa, moja kwake. Zahanati ikihitaji gari la wagonjwa, ujumbe unaingia kwenye seva iliyo karibu, kisha seva zinapitishiana mpaka dereva aupate. Moja ikizimika, mbili zilizobaki zinaubeba. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Wiki hiyo, ya Homa Bay ilikuwa haisemezani na mtu.

Bosi wetu, mama mmoja wa Nairobi asiyecheka ovyo, alikuwa ametuambia waziwazi: akija Ijumaa akute Homa Bay haijaunganishwa kwa usalama, seva ile anaibeba, na kazi ya shemeji inahamia Nairobi. Akitaka aifuate, asipotaka basi. Na huyu ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu na mama mkwe wangu kule Rangwe. Ndiye anayempeleka kliniki mguu ukivimba. Ndiye anayejua ni dawa gani mama anaificha chini ya mto huku akiapa kwamba amemeza. Nampenda yule mama; kuna siku nampenda kuliko mwanawe niliyeolewa naye. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa nagomba.

Sasa, seva zetu hazifunguliani mlango kwa kujuana sauti. Kila moja ina cheti chenye jina lake, kimegongwa muhuri wetu, na muhuri huo unakaa kwangu Migori. Seva ikibisha, mwenzake anasoma cheti, anakagua muhuri, anakagua jina. Jina lisipokuwa lile analolitarajia, hafungui. Wakishakubaliana, kila wanachoambiana kinafungwa kwa siri, mtu wa njiani asije akasoma magonjwa ya watu.

Cheti cha Homa Bay alikuwa amejiandikia shemeji mwenyewe. Siku aliyokuja kuichukua seva nilikuwa matangani Kendu Bay, nikamwambia muhuri uko pale, jihudumie. Kwa hivyo nilipoanza kutafuta tatizo sikushuku cheti. Nikapekua waya, nikapekua nenosiri, nikamtukana fundi wa intaneti ambaye hakuwa na kosa lolote. Mwishowe nikafungua kumbukumbu za seva yangu. Ilikuwa imeandika jambo lile lile mara nyingi kupita kiasi: namtarajia homabay, lakini anayebisha ni nyar-migori.

Nikaruka kwenye kiti. Nyar Migori gani? Migori ni mimi! Nikajua tumeingiliwa, kuna mwizi ameshika muhuri wetu na sasa anajiita kwa jina la mji wangu. Nikang'oa waya wa intaneti kwa mkono, nikapiga simu.

"Hebu nieleze, bwana. Nyar-migori ni nani?"

Akashangaa kabisa. "Si ni hii seva yangu?"

"Na kwa nini inaitwa hivyo?"

"Shemeji, ilitoka wapi?"

"Migori."

"Ikaletwa wapi?"

"Homa Bay."

"Sasa ulitaka niiite nani?"

Yawa! Nilibaki nimeshika waya mkononi. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa haitwi kwa anakokaa, anaitwa kwa alikotoka: nyar, binti wa mahali fulani. Mimi mwenyewe sokoni Migori hakuna anayelijua jina lililo kwenye kitambulisho changu. Mimi ni Nyar Kendu, na nitazikwa nikiwa Nyar Kendu. Jamaa huyu alikuwa ameipokea seva kama bibi harusi. Baadaye nilisikia hata soda zilifunguliwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikakumbuka Ijumaa, na kicheko kikaisha.

"Ibadilishe jina."

"Mke habadilishwi jina la kwao. Wewe zima tu huo ukaguzi wa majina. Si tuko watu wa boma moja? Nani tusiyemjua?"

Kiswahili sanifu kikarudi chote. "Sikiliza, bwana. Mlango unaomfungulia kila anayesema 'ni mimi' si mlango, ni tundu la ukuta. Mama yako mzazi akibisha, aulizwe jina. Bosi akibisha, aulizwe jina. Bosi hasa!"

 Nikamwandikia cheti kipya, maana cheti kimoja kinaruhusiwa kubeba majina mawili: homabay la kazini, nyar-migori la nyumbani. Nikagonga muhuri, nikarudisha waya wa intaneti, nikamtumia. Akakiweka, akaiwasha seva upya, na seva zote tatu zikaanza kuitikiana. Kwenye simu nilisikia mwanamume mzima akipiga vigelegele.

Ijumaa bosi akafika Migori. Akatazama kila kitu, kimoja kimoja. Kisha akatoa simu yake nyingine, ya namba tusiyoijua, akaiweka spika, akampigia shemeji kwa sauti tamu ajabu: "Mimi ni fundi kutoka makao makuu. Zima ukaguzi wa majina kidogo tu, tupitishe jaribio. Bosi ameshakubali." Akanikazia jicho nisithubutu hata kukohoa.

 Shemeji ndiye aliyekuwa akinibembeleza nizime! Nikamwona mama kule Rangwe amekaa peke yake na dawa zake chini ya mto.

Shemeji akasafisha koo. Halafu, kwa Kiswahili sanifu ambacho sijawahi kukisikia kikitoka kwake: "Sikiliza, mama. Mlango unaomfungulia kila anayesema 'ni mimi' si mlango, ni tundu la ukuta. Bosi mwenyewe akibisha, ataulizwa jina. Bosi hasa!" Akakata simu.

Bosi alicheka, nami sikujua kama ana meno mengi hivyo. "Huyu mtu maneno haya ameyatoa wapi?"

Nilifungua mdomo. Lakini ningesema ni yangu, angeuliza nilimwambia lini na kwa sababu gani, na hapo kila kitu kingemwagika. Nikafunga mdomo. "Ni kipaji chake, madam."

"Basi hatoki Homa Bay. Na kuanzia Jumatatu seva zote tatu ziko chini yake. Wewe utaripoti kwake."

Wanasema tenda wema nenda zako. Nilienda zangu chooni, nikagomba na ukuta.

Jumatatu asubuhi simu ikalia, ni yeye. Nikajiandaa kuulizwa ripoti. Badala yake nikasikia kelele za foleni ya kliniki, na mama akimwambia kwa nyuma aseme haraka, wanakaribia kuitwa.

"Shemeji," akasema, "nitachelewa kazini."

"Unaniomba mimi ruhusa? Bosi si ni wewe?"

"Najua. Ndiyo maana nakupigia. Leo utanishikia zamu yangu."

Nikaishika.