Zaburi Chunguni

Harufu ya karatasi iliyolowa hunitoa mbio hadi leo. Juzi hapa Voi bomba lilipasuka kwa jirani yangu muuza vitabu. Alipovianika juani, nilivuka barabara nikijifanya naongea na simu, na simu yenyewe ilikuwa imezima.

Nilikuwa na miaka kumi, nikilelewa Werugha, kule milimani, na Nyanya Mkawasi. Ukungu wa kule, msomaji wangu, ulikuwa mzito hivi kwamba ng'ombe wetu alikamuliwa kwa kupapasa. Nyanya, mwalimu mstaafu, alikuwa ametafsiri Zaburi zote kwa Kidawida, lugha yetu, kwa mkono, madaftari kumi na moja, na kanisa lilikuwa limeahidi kuzichapisha. Nakala nyingine haikuwepo. Baada ya daftari la mwisho mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili.

Mwezi wa nne mjomba alimpeleka Nyanya Makwasinyi kwa mama yangu mdogo aliyejifungua. Madaftari Nyanya akaniachia mimi. Maandishi ni kama maziwa, alipenda kusema, usipoyachunga yanaharibika. Na nyumba yetu ilikuwa na panya wengi kuliko waumini wa Pasaka.

Sasa, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa ametusimulia magombo ya Wayahudi, yale yaliyofichwa mapangoni kando ya Bahari ya Chumvi, mengine ndani ya vyungu, yakakaa miaka elfu mbili. Wataalamu wakayapima umri, wakayachapisha, dunia nzima ikayasoma. Nikajiuliza, sisi tumekosa pango? Tumekosa chungu? Nikayatia madaftari chunguni, nikaziba mdomo kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, nikakificha pangoni juu ya shamba. Mvua zote zile nililala kama malkia.

Nyanya akarudi mwezi wa saba na habari kwamba mtu wa kanisa anakuja Jumatatu kuchukua madaftari. Nikamwambia kwa fahari yalipo. Akaniuliza:

"Uliziba vizuri, mama?"

"Hata hewa haiingii, Nyanya."

Akaomba leso yake, nikamshika mkono, tukapanda. Njia nzima nilimweleza habari za Wayahudi, naye akiitikia na kuuliza maswali.

Ndani ya chungu mlikuwa na bonge moja jeusi, lenye manyoya ya kuvu kama paka aliyelala. Nyanya akatia mkono, akajaribu kubandua kurasa kwa kucha, zikamtoka kama ugali. Tuliziweka juu ya meko siku tatu, zikawa tofali. Akaanza kunitajia kutoka kichwani, mimi niandike. Zaburi ya kwanza ilikwenda. Ya pili akafika mstari wa nne, akasita, akarudi mwanzo, akasita palepale.

"Wacha tu, mama," akasema.

Mtu wa kanisa alikunywa chai, akashuka na mkoba mtupu.

Miaka ikapita, nikasoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, jioni baada ya kazi, nikahitimu kwa vigelegele vilivyosikika mpaka Maungu. Huko ngumbaru ndiko mwalimu alikotuambia kwamba magombo yale yalitunzwa na ukame zaidi ya vyungu, na hata hivyo mengi yalitoka vipande vidogo kama ukucha. Nyanya alikuwa mzaliwa wa Werugha. Unyevu wa mapango yetu aliujua kabla mama yangu hajazaliwa. Kwa hiyo nilipotaja pango tu, alijua. Akapanda kilima kile bila kuona njia, akaniacha nifurahi hadi mlangoni mwa pango.