Makopo Mawili ya Koba

Huko Lambertsbaai, mji wa wavuvi Afrika Kusini, hakuna mwenye akili timamu anayefungua kopo la aiskrimu akitarajia aiskrimu. Humo kuna supu ya jana, vichwa vya samaki, au vifungo vya nguo. Koba Julies, mjane mnene wa kucheka ovyo, alikuwa na rafu nzima ya makopo hayo.

Jumapili hiyo hakucheka. Apools, mgane aliyekuwa akimchumbia tangu Pasaka, alikuwa anamleta dada yake mkubwa, Lettie, aje amkague. Lettie ndiye aliyemlea, na bila neno lake Apools hanunui hata soksi. Akisema hapana, ndoa hakuna.

Basi Koba akatengeneza anachokiweza kuliko vyote: snuku, samaki wa huko, wa moshi, wa kupaka kwenye mkate. Akamchambua kwa vidole, maana snuku ana miiba kama sindano za kushonea magunia, na uma hauioni. Akamponda pamoja na jibini laini, mayonezi, limau na pilipili manga. Akaonja, akaongeza limau, akaonja tena, mpaka ikabidi ajikanye. Mseto ukawa laini kama malai. Nusu akaitia bakulini, nusu kwenye kopo la aiskrimu, akaliweka kwenye friji kando ya kopo jingine kama hilo, lenye kastadi ya kumwagia pudini.

Wewe msomaji umeshaona balaa linakotokea. Koba, maskini, hakuliona.

Lettie alifika, akala mkate wenye snuku na jamu ya zabibu, akipekua kila tonge kwa ulimi kutafuta mwiba. Hakuupata.

"Dada, umependa?" Apools akauliza.

"Bado nakula."

Ilipofika zamu ya pudini, Apools akainuka. "Kaa, Koba. Leo nahudumia mimi."

Koba alitaka kuinuka, kwani mwanamume huyo hajui hata vijiko vinakaa wapi. Lakini amzuie vipi mbele ya dada yake? Apools akaingia jikoni, mlango akauacha wazi, akarudi na bakuli tatu, kifua mbele.

Lettie akatia kijiko mdomoni, akaacha kutafuna. Koba naye akaonja: pudini ya moto, tamu, na juu yake snuku.

"Nani kamwagia hii?" Lettie akauliza polepole.

Apools akawa anachunguza kitambaa cha meza. Koba angeweza kumnyooshea kidole, na haki ingekuwa yake. Akamwonea huruma.

"Mimi, dada. Nilimwelekeza kopo silo. Kosa langu."

"Mwongo mkubwa. Nilikuwa namwona pale mlangoni. Kafungua kopo, kanusa, kalamba kidole, halafu kamwaga hivyo hivyo."

"Nilidhani ni kastadi ya kisasa," Apools akanong'ona.

"Nyamaza, wewe." Lettie akamgeukia Koba. "Huyu tangu anaota meno nabeba makosa yake. Kavunja dirisha la mchungaji, nikachapwa mimi. Kazamisha mashua ya watu, nikaomba radhi mimi. Mgongo wangu umechoka, mama. Mnaoana lini?"

"Tulifikiria Desemba," Koba akasema, machozi yakimlenga.

"Desemba mbali, wifi. Mchukue mwezi huu, kabla hajavunja kitu kingine."