Mapigo Niliyomwongezea Mzee Enoka

Mimi Ipyana ni prodyuza, studio yangu iko hapa Tunduma, na mdomo ninao. Leo acha niutumie kujisema mwenyewe. Mama Ketrina, mjane wa Mzee Enoka, akisimulia habari hii ananitetea, eti sikukusudia. Sitaki kutetewa.

Mzee Enoka Nzunda alikuwa mkulima wa kahawa Ihanda. Ujanani alikaa Kitwe, kule Zambia, kwa mjomba wake aliyefanya kazi mgodini, na huko ndiko alikojifunza kupiga dramu, tena za roki nzito, ile ya magitaa yanayonguruma. Alirudi nyumbani na seti yake juu ya lori la mahindi. Baadaye yeye na wenzake wawili, Damiano wa gitaa na Sebastian wa besi, wakawa wanapiga Jumamosi mchana kwenye baa moja hapa mjini, na watu wa Nakonde walivuka mpaka kuwafuata.

Sisi vijana tulimcheka. Tulizoea mpiga dramu anayehangaika na vyombo vyote kama anafukuza nzi. Yeye gitaa linanguruma, besi inatikisa bati, kakaa tu. Halafu, du! Teke moja la ngoma ya mguu. Unasubiri. Unasubiri tena, unadhani kasinzia. Paa! Chupa zinaruka mezani.

“Mzee, mbona unapiga kidogo hivyo?” nilimwuliza siku moja.

“Ningekuwa na la kuongeza ningeongeza,” akanijibu, akaendelea kula mihogo yake.

Mwaka juzi mikono ikaanza kumtetemeka, hata chai ikawa inamwagika. Daktari akawaambia yeye na mkewe kwamba hali hiyo haitapona, itazidi tu. Kesho yake Mama Ketrina akaja studio.

“Mwanangu, miaka arobaini nachambua kahawa nikimsikia anapiga nyuma ya nyumba, na sina hata kaseti moja. Mrekodi kabla mikono haijamkataa.”

Wakaja wazee wote watatu asubuhi. Mara ya kwanza fimbo ikamponyoka katikati ya wimbo. Mara ya pili akafika mwisho, dakika sita, shati limelowa chapachapa. Akasema, “Ndiyo hiyo. Nyingine sina.” Sifichi, nywele zilinisimama. Kila aliponyamaza nami pumzi ilikatika, nikawa siwezi kuvuta nyingine mpaka apige. Siku hiyo ndipo nilipomwelewa, kwamba pigo lake lilikuwa zito kwa sababu ya kile kimya alichokivumilia kabla yake.

Sasa sikia ujinga wangu. Walipoondoka nikaanza kuogopa. Nikawaza watu watakaosikia watasema mzee mikono ilishakufa, ndiyo maana kuna mapengo. Nilitaka kumsitiri. Basi palipokuwa na kimya nikajaza ngoma za kompyuta, na matoazi juu yake, kama ninavyofanyia kwaya, na kwaya zote hunishukuru. Kompyuta ilikuwa imejaa hizo kwaya, kwa hiyo nikahifadhi kazi mpya juu ya ile ya kwanza, nayo ikafutika. Jamani, nilikuwa napiga mluzi!

Baada ya wiki mbili nikaenda Ihanda na spika yangu ndogo. Nilimkuta mzee sebuleni, mikono yote miwili inacheza mapajani, Mama Ketrina anamlisha uji. Fimbo hakuweza kuzishika tena. Nikawawekea wimbo. Haikufika nusu dakika Mama Ketrina akaweka kijiko chini, akainamisha kichwa. Mzee yeye alisikiliza dakika zote sita, ametulia kabisa. Nilimtazama usoni, na kabla wimbo haujaisha nilishajua nilichokifanya.

Wimbo ulipokwisha akatabasamu.

“Umepiga vizuri, mwanangu,” akasema. “Una mkono mwepesi. Haya, sasa tuwekee ile yangu.”

Mama Ketrina akaniangalia. Nikashindwa kusema ukweli. Nikamwambia spika imeisha chaji.

“Hakuna neno,” akasema mzee. “Utakuja nayo siku nyingine.”

Tulimzika mwezi wa tatu, na siku zote hizo sikuwa nimerudi.