Sahani ya Chini

Baba yangu alizaliwa Fizi, mama yangu Uvira, na mimi, Koko wako, sikusoma. Andika hivyo, mjukuu wangu.

Kadi yako ya mchezo, ile ya fahali, uliinunua Mbarara. Hapa kambini Nakivale ulicheza na kaka yako, anayeshindwa apoteze kadi. Akaweka kadi ya moto amchome fahali. Kabla moto haujafanya kazi, ukaweka juu yake kadi ya ngao. Mkabishana, mkaniita niamue. Nilifikiria mstari wa posho, ambako aliyetangulia huhudumiwa kwanza. Nikaamua moto uanze. Fahali akaungua, kaka yako akaichukua kadi.

Jioni nilikuagiza sahani. Ukaivuta ya chini kabisa, rundo lote likaanguka, nayo ikabonyea.

"Una wazimu?"

"Hii ndiyo ilitangulia kuwekwa, Koko."

Kaka yako alicheka, kisha akainamisha kichwa. "Ni kweli. Kadi ni kama sahani, ya juu ndiyo inaanza kufanya kazi."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini Koko ulikuwa umeisha amua."

Nikamwamuru akurudishie kadi yako.

Fahali wako mtunze. Hukumu yangu ya kwanza usiifute katika maandishi haya, ibaki ilivyokuwa. Na ile sahani iliyobonyea usiitupe, ndimo utakamonipakulia chakula.