Hesabu Aliyonifichia Mama Furaha

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, theluji imejaa hadi kwenye kidirisha, nami nimesimama katikati ya chumba nikijifanya mtu asiye na wasiwasi. Mwanangu, jana uliponiambia umeacha kazi kwenye jimu kubwa ya mjini ili ufungue ya kwako, nilikupongeza haraka haraka nikabadilisha mazungumzo. Usidhani ni wivu. Niliona aibu, kwa sababu nami nilifanya hivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na najua nilivyokuwa. Acha nikueleze. Ukitaka, nijibu kwa Kiingereza chako; Kiswahili najua unakisikia vizuri.

Nilikuwa nimekodi chumba cha chini cha nyumba moja kule Malvern, mtaa wa pembezoni mwa jiji, nikifundishia mazoezi humo. Wateja wangu wa mjini waliniahidi kunifuata, lakini kila wiki mmoja alighairi. Nikawa silali, sili vizuri, na mke wangu akiniuliza namjibu kwamba mambo ni safi. Aliyenifuata bila maneno mengi alikuwa Mama Furaha, mama wa Kikongo aliyekwisha kupita miaka sitini. Alipanda treni na basi kutoka St. James Town, mtaa wa maghorofa katikati ya jiji. Goti lake lilikuwa bovu, na daktari alimruhusu kuchuchumaa mara kumi tu kwa mkupuo, kiti kikiwa nyuma yake.

Jumamosi hiyo walikuja wageni wanne kuangalia kama watajiunga. Nikamwomba Mama Furaha awaonyeshe kuchuchumaa, nikaanza kumhesabia kwa sauti ya kujigamba. Nilipofika sita simu ikatetemeka mfukoni, nikaichungulia: mteja niliyemtegemea kuliko wote ameamua kubaki mjini. Mdomo ukaendelea kuhesabu, akili haipo. Nadhani nilirudi kwenye tatu, kisha nikarudi tena. Mama akashuka, akainuka, akashuka, jasho linamtoka, mpaka goti likakataa akaanguka kando ya kiti.

Unajua nilisema nini, mwanangu? Nilisema, "Mama, si nilikwambia kumi? Mbona husikii?" Mbele ya wageni wote.

"Unisamehe, kocha," akajibu, bado yuko sakafuni.

Wageni wawili walijiandikisha siku ile ile, nami nikafurahi. Kule kufurahi ndiko kunakoniuma hadi leo.

Wiki mbili Mama Furaha hakuja. Wiki ya tatu nikaenda kwake, ghorofa ya kumi na nne, akanifungulia mlango akiwa ameegemea fimbo. Nikaanza kumweleza umuhimu wa kufuata maelekezo. Hebu fikiria! Hakuniacha nimalize.

"Papa," akaniita kwa heshima ya Kikongo, "mimi najua kuhesabu. Kumi ilipita, nilihesabu mimi mwenyewe. Lakini niliona uso yako, nikajua hauko sawa. Wageni walikuwa wanakuangalia. Nikasema, nikisimama, watacheka kocha wangu." Akanipisha niingie. "Mimi nilikuficha aibu. Wewe ukanivalisha yako."

Nililia pale kwenye kochi lake, mtu mzima na misuli yangu yote, naye akaenda jikoni akichechemea kuniwekea maji ya chai. Jumatatu niliwapigia simu wale wageni wawili nikawaambia kosa lilikuwa langu. Mmoja hakurudi tena. Mke wangu naye nilimweleza kila kitu, akaniambia alikuwa ameshajua siku nyingi. Mama Furaha alirudi mazoezini theluji ilipoyeyuka, lakini fimbo hakuiacha mpaka alipofariki.

Basi nisikilize. Kuhama kutoka kazi ya watu kwenda yako kutakuchosha, na kichwa kitajaa. Mwambie mwenzako wa nyumbani ukweli mapema, hata ukiwa mbaya, maana anauona usoni mwako. Simu iache nje ya chumba unapomfundisha mtu. Siku ambayo akili haijatulia, ahirisha somo, mteja atakuelewa kuliko unavyodhani. Na ukikosea, sema ni wewe, hapo hapo, mbele ya hao hao walioona. Mimi nilichelewa wiki tatu, na wiki hizo sijaweza kuzirudisha.

Mungu aibariki kazi yako mpya, mwanangu. Akupe wateja wenye moyo wa Mama Furaha, na akuepushe usije ukawatenda kama nilivyomtenda yeye.